Mbuzi wa Kona ya Rosa

Jumamosi, 5 Julai

Wote wanaisimulia vibaya. Wote! Kila mwenye mdomo hapa Sindeni ana ya kwake. Eti Mzee Jabiri kachanganya klachi na breki. Eti kalia kama kuku. Eti uji umeruka mpaka juu ya bati. Aliyeanguka ni mimi, niulizeni mimi!

Ilikuwa hivi. Natoka uwanja wa mpira na pikipiki yangu, nimeshazunguka magoli yote mawili bila mguu kugusa chini. Vijana wananipigia makofi. Miaka sitini na sita, nani mwingine? Nikaona basi, leo nipite barabarani watu wanione. Nafika kona ya Rosa muuza uji, gia ya tatu. Mara mbuzi! Mweusi, katokea kulia kama katumwa. Nikamkwepa. Kumkwepa yeye ndiyo nikaingia kwenye sufuria — sufuria, jiko, kigoda, vyote chini. Dereva mwingine angemuua yule mbuzi. Mimi nimemwaga uji tu.

Rosa alikuwa kaingia ndani kufuata sukari. Hakuguswa. Mimi goti na kiwiko.

Mama Yusra kanisafisha kidonda kimya. Ndiye mke wangu Mwantumu, nina miaka naye, akigomba sina wasiwasi. Akinyamaza ndiyo naogopa. Mwisho akauliza, mbuzi wa nani? Nikamwambia mbuzi haandikwi jina mgongoni.

Jumapili, 6 Julai

Kumekucha na msiba. Msiba wangu mwenyewe!

Gregori huyo. Mnyamwezi, babu yake alikuja kukata mkonge akasahau kurudi kwao. Na sisi Wazigua ni watani wao toka enzi, mtani hakasirikiwi. Kaja na jembe begani, analia toka barabarani: "Mzigua wangu kafa! Kafa na uji puani!" Kanilaza uani, kanipima kwa kamba. "Nichimbe la mtu peke yake, au la mtu na pikipiki yake?"

Nikamwambia chimba refu, sisi huku hatukufupishwa na mizigo kichwani kama nyie. Watu wakacheka mpaka wakakaa chini. Basi na mimi nikawapa habari ya mbuzi. Beberu! Mweupe pee, ndevu mpaka magotini, kanikodolea macho kama ananidai.

Mama Yusra hakucheka. Kasimama mlangoni, ananiangalia.

Gregori anataka kuondoka, mama huyo kamfuata. Mbele ya watu wote kamwekea ufunguo wa pikipiki mkononi. "Mtani, chukua urithi wako."

Mwe! Mtani akishika kitu chako msibani humnyang'anyi. Unakigomboa kwa zawadi, au unanyamaza. Nimefungwa kwa kamba yangu mwenyewe. Nikacheka na mimi. Ningefanya nini?

Jumanne, 8 Julai

Nimeangusha kikombe cha chai. Jana pia. Nikamwambia Mama Yusra siku hizi unaweka vikombe mahali pa ajabu. Akasema nakuwekea kulia, palepale pa siku zote.

Akasema twende Korogwe hospitali wakakuangalie.

Nikasema goti limeshapona.

"Sijasema goti."

Nikatoka nje kuangalia kuku. Kuku wako salama.

Ijumaa, 11 Julai

Baada ya swala nimempelekea Gregori jogoo. Jogoo wa maana, yule mwekundu. Nikasema haya, mila ni mila, nipe ufunguo wangu.

Kamshika jogoo, hamwangalii. Akasema, "Mzee Jabiri, mkeo hakunipa huu ufunguo kwa utani."

Toka nimjue hajawahi kuniita Mzee Jabiri! Ananiita maiti, ananiita mwizi wa mihogo. Nikamwuliza, we unaumwa? Akanipa ufunguo, akaingia ndani. Nimeondoka bila hata tusi moja. Sikupenda.

Jioni nikaiwasha uani, niisikie tu. Mama Yusra alikuwa anapepeta mchele. Hakuinua kichwa. Akasema siku ukiingia nayo lami, mimi sikai hapa kusubiri uletewe ndani ya turubai. Nikamwambia turubai tunalo, la kuanikia mahindi. Utani tu!

Kaacha kupepeta. Mchele mzima kauacha uani, kuku wakala.

Jumamosi, 12 Julai

Kaondoka. Nimerudi shamba, nyumba imefagiwa, jiko baridi, kanga zake hazipo.

Yusra kapiga simu toka Mombo, anakouzia matunda abiria wa mabasi. Mama yuko Mnyuzi, kwa Mjomba Muhidini. "Baba, panda gari ukamchukue. Usiende na hiyo pikipiki, nakuomba."

Nipande gari! Na pikipiki imesimama uani, Sindeni nzima inaiona?

Nimekula mhogo wa kuchoma. Umeungua.

Jumatatu, 14 Julai

Nimefika Mnyuzi. Kwa pikipiki! Nani mwingine?

Mpaka Korogwe nilikwenda kama bwana harusi. Daraja la Pangani nikalipita naimba. Halafu nikashika lami kubwa ya Segera. Hapo nikaacha kuimba.

Malori ya pale hayaji, yanaota. Naangalia, hakuna kitu. Hakuna. Mara liko sikioni, upande wa kulia, limeshanipita nusu. Nikawa nageuza shingo nzima kama kuku anayeangalia mwewe. Nikigeuza shingo, na pikipiki inageuka! Basi moja likanipigia honi ndefu, upepo wake ukanitupa kwenye majani. Sikuanguka. Nilisimama. Siwezi hata kufungua kamba ya helmeti. Ningempigia simu Gregori anitukane kidogo, ningepata nguvu. Bismillah, nikaendelea. Gia ya pili mpaka njia ya Mnyuzi.

Shemeji Muhidini kanipokea vizuri, maji ya kunywa, mkeka. Nikaanza: shemeji, malori sita nimeyaacha nyuma, madereva wananipungia mkono! Akawa anacheka. Mama Yusra kakaa barazani anachambua kunde, hata salamu kaitikia chini chini. Anasikiliza mpaka mwisho.

Halafu akainuka. Akasema nitarudi nyumbani. Leo hii. Nitapanda hiyohiyo, nyuma yako.

Nikaruka! Shemeji akapiga makofi.

"Ila niambie kitu kimoja, Baba Yusra. Yule mbuzi alikuwa wa rangi gani?"

Nikafungua mdomo. Mweusi. Au mweupe? Gregori nilimwambia nini? Nikasema ngoja, nimebanwa, naenda chooni.

Niko huku nyuma ya nyumba, nimekaa juu ya kinu. Kutoka hapa namwona. Kibunda chake kashakifunga. Kakaa kwenye siti ya nyuma, upande upande, miguu pamoja, helmeti yangu kaipakata. Mtu aliyesema hatakaa asubiri turubai! Kapanda. Ananisubiri nije nimwendeshe.

Nikisema mweusi, tutaondoka. Nikisema mweupe, tutaondoka vilevile, ananijua. Lami ile ile, malori yale yale, yeye mgongoni kwangu.

Hapakuwa na mbuzi.

Klachi naijua. Breki naijua, hilo wasinisingizie. Sufuria ndiyo sikuiona. Jiko lina moto, linatoa moshi, sikuliona. Kigoda sikukiona. Na Rosa angekuwa amekikalia, naye nisingemwona.

Anaita huko mbele. "Baba Yusra! Rangi gani?"