Mfalme Akikunja Joho

Dada yangu mpenzi,

Barua yako imefika pamoja na sweta. Linanibana mabega, lakini nalivaa hivyohivyo.

Siku hizi navuta kamba ya pazia katika jumba la maigizo. Wanacheza mchezo wa kale wa mfalme aliyerukwa na akili. Anabweka, anagombana na viti, na watu wanacheka mpaka wanafuta machozi. Mzee anayemwigiza hunitania, "Wewe wa kamba, mbona hucheki?"

Namjibu, "Nina kaka nyumbani, mfalme."

Mwishoni mfalme hutulia. Anakunja joho lake, anagawa pete, anawashukuru watumishi. Watu wanashusha pumzi wakidhani amepona. Mimi ndipo ninaposhika kamba, maana najua ataingia chumba cha ndani na hatatoka akiwa hai.

Sasa umeniandikia kwa furaha kwamba kaka ametulia. Hapigi tena kelele, amekunja nguo zake, randa na misumeno amewagawia maseremala wenzake, na wewe amekushukuru kwa kumtunza. Niliposoma hapo, viganja vyangu vilijikunja vyenyewe.

Kimya kingi kina mshindo, dada. Barua hii namkabidhi dereva wa lori anayeondoka sasa hivi. Ukishaisoma, iache hapohapo mezani, nenda ukakae na kaka. Mwulize waziwazi kama anawaza kufa, kisha mpeleke hospitali leo hiihii. Usimwache peke yake, hata akikuomba kwa upole.

Mdogo wako,
mtu wa kamba