Maswali Niliyoyafuta kwa Raba

Karakana ya Kujalidi Vitabu,
Nyuma ya Duka la Miwani.
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Chiriku,

Hujambo, mwanangu? U mzima? Kile kifua kimeachia, au bado unajitia ushujaa wa kutembea kwenye baridi bila sweta? Sisi huku hatujambo, tunamshukuru Mungu. Baba yako mdogo goti linamsumbua kwenye ngazi, ila mdomo wake hauna ugonjwa wowote. Bibi yako anakula, anasali na anatugombeza sote, kwa hiyo yeye ni mzima kuliko sisi.

Barua yako ilinikuta kazini, mikono imejaa gundi, nikaifungua kwa meno. Nimeisoma mara tatu. Kumbe wenzako wa maabara ya kupima maji wanakucheka wakati wa chai. Wamekuuliza Kaini alimpata wapi mke, na duniani hatukuwa tumetajiwa mwanamke mwingine ila mama yake. Tangu siku hiyo umeifungia sandukuni Biblia ya marehemu mama yako, na husali tena. Unataka nikupe majibu ya kuwanyamazisha, na yakikosekana utaachana na mambo ya imani kabisa.

Asante kwa kutonidanganya. Nililia, nikafuta machozi kwa kiwiko maana vidole vilikuwa vinanata.

Sasa nisikilize. Majibu ya kuwanyamazisha watu nimeyatumia miaka, wala hayafai kitu. Hapa karakana tuna fundi wa mashine ya kukatia karatasi, tunamwita Kwanini, na jina hilo hakulipata bure. Kila akiniuliza jambo la Biblia nilikuwa namjia juu. Siku moja aliuliza iweje Injili moja itaje malaika mmoja kaburini, na nyingine itaje wawili. Nikamwambia yeye akate karatasi, ya Mungu amwachie Mungu. Wenzetu wakaangua kicheko, mimi nikatembea kifua mbele siku nzima. Kwanini hakuniuliza kitu tena kwa mwezi mzima, hata salamu akawa anaitoa kwa mbali.

Alhamisi, barua yako ikiwa mfukoni mwa aproni, nilimfuata mwenyewe pale mashineni. Nikamwambia lile swali la malaika sijui jibu lake. Yalaa! Neno “sijui” lilinitoka kama jino. Nikamwomba tusome pamoja saa ya chakula, akanikodolea macho kama nimemwambia nahamia mwezini.

Basi tukafungua Biblia mbili juu ya meza ya kukunjia, tukafuata habari ya kaburi katika Injili zote nne, kidole kwa kidole. Mwanangu, sikuwahi kusoma hivyo maisha yangu! Hata majina ya wanawake waliokwenda alfajiri ile hayalingani, na mimi nayasikia tangu utoto nisishtuke. Nikasema anayemtaja malaika mmoja hajasema wa pili hakuwepo. Mbona bibi yako akisimulia msiba humtaja yule tu aliyezungumza naye? Kwanini akasema hilo ni jibu la wakili. Hakuridhika, na nakwambia kweli, hata mimi sikuridhika sana. Lakini sikukasirika. Nilirudi kazini nikijiuliza kesho tutasoma nini, na imani yangu nikaikuta pale pale nilipoiacha.

Ila wakati tunakusanya vyombo, aliniuliza kama mimi mwenyewe sijawahi kujiuliza maswali. Mficha maradhi, kifo humuumbua, kwa hiyo acha niseme.

Unakumbuka ulipopata kazi huko, niliichukua Biblia ya mama yako nikaijalidi upya ili usafiri nayo. Kabla ya kushona, sisi huifungua mishono ya zamani na kusafisha kurasa kwa raba. Nilipofika Mwanzo, sura ya nne, nikakuta pembeni mwandiko wa dada yangu, mama yako, kwa penseli: “Huyu mke katoka wapi?”

Ndiyo, mwanangu. Swali lile lile.

Mbele yalikuwepo mengine, tele. Nikaona haya. Nikajisemea, huyu mtoto asije akadhani mama yake hakuamini. Nikayafuta yote, kuanzia Mwanzo hadi Ufunuo, siku tatu mkono unaniuma, na sikuyasoma. Niligeuza macho kama mtu aliyepita bafuni akakuta mlango wazi. Wewe ukapokea kitabu safi, nami nikajisifu kwa kazi nzuri. Kumbe nimekuibia. Leo unadhani wewe ndiye wa kwanza kuuliza katika ukoo huu, na unafunga sanduku kwa aibu niliyokushonea mimi. Nisamehe sana.

Mama yako aliuliza na aliamini, hakuona haja ya kuchagua. Ulikuwepo ile wiki ya mwisho. Kijiko hakuweza kukishika, lakini alitaka asomewe kila siku, na ukiruka mstari alikukamata! Yule baba wa mtoto mgonjwa katika Injili ya Marko alimwambia Yesu kwamba anaamini, na pumzi hiyo hiyo akaomba asaidiwe kutokuamini kwake. Hakufukuzwa, na mtoto akapona. Mimi naamini, Chiriku. Mke wa Kaini simjui, na bado naamini.

Wenzako waambie hujui, kisha waulize nani yuko tayari msome pamoja. Atakayecheka na acheke. Pengine mmoja wao ni Kwanini, anangoja tu asifokewe.

Sasa fungua sanduku. Dada alikuwa akiandika kwa kukandamiza, kama anachonga, na raba huondoa weusi wa penseli, haiondoi shimo. Shika ukurasa karibu na dirisha mchana, uinamishe, utaona mikwaruzo. Kisha laza penseli ubavu na uipitishe juu yake pole pole. Maandishi yatajitokeza meupe. Anza na Mwanzo, sura ya nne. Penseli nimeitia humu kwenye bahasha, ni laini. Raba sikuitia.

Yote utakayoyakuta niandikie, hata yale ya kuchekesha. Nilikuwa na dada miaka arobaini na sijui alikuwa anauliza nini.

Bibi anakusalimu, anauliza utaoa lini. Baba yako mdogo anakusalimu, na goti lake. Mapacha wetu wanataka uwaletee picha ya hadubini ya maabara. Nawe unisalimie mama mwenye nyumba wako, yule anayekupikia uji ukiugua.

Mungu aliyemvumilia mama yako na penseli yake, akuvumilie na wewe.

Ni mimi nikupendaye, ninayengoja maswali ya dada yangu,

Mama yako mdogo.