Kisiwa cha Mama

Lundi, 15/3/1999
Nimefagia, nimeteka maji, nimeenda masomo. Prof ametupatia travail: kila mutu aandike historia ya kwao na mama yake. Kwa bengine rahisi, mama zao ni ba hapa karibu, Vuhovi, Lubero. Mama yangu ni wa Idjwi, kisiwa ya ziwa Kivu. Tangu vita, hapa Butembo, ukitoka upande ile banakuita Munyarwanda, adui, basi. Mama anasema Kinande, luga ya hapa, muzuri, anauza sombe, majani ya muhogo, sokoni, hapana mutu anamuuliza. Iendelee vile.

Mardi, 16
Nimeenda bibliothèque ya paroisse, nyumba ya bitabu. Harufu! Baaskari balilala mule mwezi uliopita. Balipasua bitabu, bakajipangusia. Kurasa zimekauka kwa pembe, na mavi. Ni batu gani bale?

Frère anayechunga bitabu ni muzee, masikio imekufa. Nikasema polepole: Idjwi. “Nini?” Tena. “Pandisha sauti, mutoto!” Nikapiga kelele kabisa: IDJWI! KWAO NA MAMA!

Kavira wa darasa yetu alikuwa mulangoni. Akacheka. Ningependa kufa.

Jeudi, 18
Frère amepata kitabu moja, ya Muzungu wa zamani. Carte, ramani ya kisiwa, iko muzuri: vilima, vijiji. Kijiji ya mama iko, kidogo kama alama ya nzi. Nilifurahi. Halafu nikasoma mbele. Ati batu ya kisiwa ni bavivu, bachafu, baongo. Anapima vichwa yao kama mbuzi ya kuuza. Pouah. Frère akaniambia: “Kopia carte, mwanangu. Ile ingine achia panya.”

Nimekopia. Mikono ilinuka kitabu ile hata kisha sabuni.

Vendredi, 19
Kavira amesema. Soko nzima inajua. Mama mumoja wa kuuza samaki alimupigia mama kelele: “Weye Munyarwanda, rudia kwenu!” Mwingine, kwangu: “Mutoto wa kisiwa, utaogelea?” Bakacheka. Bale balikula kwetu siku ya Noeli!

Nikawatolea carte. Nikasema Idjwi ni Congo, muangalie. Wa samaki akaikamata, akapangusia mikono, akaniregeshea. Magamba ya samaki ilibakia juu ya ziwa, mu carte.

Hata sombe moja hapana kuuzika. Ninabachukia. Ninajichukia zaidi, ni kinywa yangu njo ilimuuza mama.

Samedi, 20
Nilimuambia mama yote. Nililia, makamasi na nini. Nikamuuliza kama turudie Idjwi. Akacheka kidogo: “Kule bananiita Munande, juu niliolewa huku.” Akaendelea kutwanga.

Lundi, 22
Sikuenda masomo. Nilimubebea mama kitunga hadi sokoni. Alikaa pahali pake, pale pale, akapanga sombe. Bale bamama bakakokota bitunga byao, bakahamia mbali.

Nimekaa mu nafasi waliyoacha. Ilikuwa kubwa, nikanyoosha miguu.