Mbegu ya Darini

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha Polisi, Lushoto. Tarehe 17 Machi 2024, saa 3:10 asubuhi.
Jina: Silvano Shemahonge. Umri: miaka 64. Kazi: mkulima. Makazi: Gare.

Nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Evelina, mke wa mwanangu Anord, mnamshikilia tangu juzi kwa kifo cha mke wangu Cecilia. Mnamshikilia bure, afande.

Kwetu mbegu ya maharage hukaa darini juu ya mafiga, moshi ndio unaoilinda. Mwaka jana wadudu walitoboa nusu yake. Nikataka dawa, Cecilia akakataa: "Dawa haipandi dari yangu, baba Anord." Mimi ni mbishi. Mnamo tarehe 2 Machi nilinunua sokoni dawa ya unga ya kupimiwa, mfuko hauna maandishi. Cecilia alipokwenda kwenye sala ya jumuiya, niliteremsha chungu cha mbegu, nikachanganya, nikarudisha. Masizi yakaificha. Sikumwambia mtu.

Mnamo tarehe 14 Machi mchana mvua ilikuwa kubwa na mboga hakuna. Cecilia alimtuma Evelina achote maharage kidogo darini. Evelina aliyaosha, akapika, akampakulia mama mkwe kwanza, kama inavyopasa, yeye akakaa kunyonyesha. Ndiyo maana hakula. Watu wanasema alijua. Alijua nini, jamani?

Saa 9:30 nilirudi kutoka shambani nikamkuta Cecilia anatoka povu, Evelina amempakata analia: "Baba, ni maharage ya darini tu!" Nikaelewa palepale. Hospitalini daktari aliniuliza, "Mzee, kuna dawa yoyote aliyokula?" Nikasema sijui. Akauliza tena. Nikasema sijui. Niliona aibu, afande, mke wangu anakufa mimi naona aibu. Alifariki saa 12:15 jioni.

Tarehe 15 asubuhi askari walikuja kabla Evelina hajaniamkia. Akiwa katikati yao akasema, "Shikamoo baba. Mtoto hajanyonya." Nikaitikia marahaba. Wakaondoka naye.

Nimesema niliyoyafanya kwa mkono wangu, bila kulazimishwa. Mfuko wa dawa nimekuja nao.

Sahihi: S. Shemahonge

Nimemsomea maelezo haya, amekiri ni sahihi. Amejulishwa haki zake. Mfuko umepokelewa kama kielelezo. Alipoulizwa kama ana la kuongeza, alisema jirani yake Jenoveva anampa mtoto maziwa ya ng'ombe, na mtoto anayatema.
Koplo Twaha, saa 4:05 asubuhi.