Damu ya Kalina

Plovdiv, 12 Machi

Baba mpendwa,

Salamu kutoka kwetu sote. Goti lako linaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa Kalina. Ana miaka miwili na miezi saba, hatembei, na yale maneno manne aliyokuwa nayo yamebaki mawili.

Mwaka jana daktari aliniuliza, "Katika ukoo wenu kuna aliyechelewa kutembea?" Mama mkwe alikuwa amekaa pale, mkoba mapajani. Ningesema nini? Nikajibu kuwa bibi yangu alitembea akiwa na miaka mitatu. Daktari akacheka: "Basi karithi uvivu wa bibi. Msiwe na haraka." Tukarudi nyumbani.

Sasa daktari mpya anataka kupima vinasaba: damu ya mtoto, ya mama na ya baba. Tunaojua kwamba Kalina tulimwasili, hatukumzaa, ni wewe, mimi na mume wangu Plamen tu. Damu yangu itaniumbua. Nifanyeje?

Mwanao,
Zornitsa

Tryavna, 17 Machi

Mwanangu,

Goti ni lile lile, lisikusumbue. Nimefundisha biolojia miaka thelathini na nne, kwa hiyo nivumilie nikieleza.

Vinasaba ni kama kitabu cha mapishi, kilichoandikwa ndani ya kila chembe ya mwili. Daktari hulinganisha maandishi ya mtoto na ya waliomzaa, ajue kosa limetoka wapi. Ukimpa damu yenu kimyakimya, atalinganisha vitabu visivyohusiana. Mwambie ukweli, atasoma cha Kalina peke yake, na sheria inamfunga mdomo.

Aibu hii niliilea mimi. Mama yako, Mungu amrehemu, alikushonea ule mto wa kuvaa tumboni uonekane mjamzito, nami nikachagua sufu nyepesi usichoke na joto la kiangazi. Mtaani kwetu wangapi walivaa mto, na nani aliwahi kusema? Nilijua sayansi yote, nikanyamaza.

Nenda kesho.

Baba yako

Plovdiv, 3 Juni

Baba mpendwa,

Natumai u mzima. Daktari nilimwambia, damu ya Kalina ikachukuliwa. Mgumu alikuwa mama mkwe. Kila siku: "Chukueni na yangu! Miguu ile ni ya ukoo wetu, hata marehemu mume wangu alikuwa mzito kama ng'ombe." Jumapili nikashindwa, nikamwambia.

Akaweka kijiko mezani. "Zornitsa, nilikuchemshia supu ya kuku miezi mitatu. Kumbe nalisha mto?"

Plamen akaponyokwa na kicheko.

"Wewe nyamaza, mwongo mkubwa!" Mama mkwe akachukua mkoba wake. Hajarudi.

Mwanao

Plovdiv, 30 Agosti

Baba,

Majibu yametoka. Mwili wa Kalina hautengenezi kitu fulani ambacho ubongo hauwezi kufanya kazi bila hicho. Dawa ni unga wa kukoroga kwenye maji. Niliuliza, je, kama tungeanza mwaka jana? Daktari akasema, "Pengine angekuwa anaongea." Kutembea, huenda atatembea. Maneno, asiahidi mtu.

Usiniandikie kwamba si kosa langu.

Zornitsa

Tryavna, 6 Septemba

Mwanangu,

Sitaandika hivyo. Kosa ni lako na langu, na fungu kubwa ni langu.

Lakini sikiliza. Ugonjwa huu hutokea pale baba na mama wote wawili wamebeba hitilafu ile ile, wenyewe wakiwa wazima. Kila mtoto wanayemzaa ana nafasi moja kati ya nne ya kuupata. Waliomzaa Kalina hatuwajui, faili lao limefungwa. Iombe mahakama ilifungue. Huenda wana mtoto mwingine.

Baba yako

Plovdiv, 14 Desemba

Baba mpendwa,

Jaji alikubali. Yupo. Anaitwa Boyan, ana miezi kumi, yuko kwenye nyumba ya watoto huko kaskazini. Wamempima: ni ugonjwa ule ule. Unga alianza mwezi uliopita.

Jana tulikwenda kumwona. Mama mkwe naye alikuja. Alikaa nyuma ya gari, hakunisemesha njia nzima, ila alimpakata Kalina hadi tukafika.

Boyan alijivuta akasimama, akishika kitanda, akasema "ba". Mlezi akapiga makofi. Nami nikapiga. Kalina akamtazama mdogo wake, kisha akanitazama mimi, kinywa wazi, kama mtu anayetafuta neno.

Nilisubiri, Baba. Nilisubiri mpaka wakaja kufunga milango.

Mwanao,
Zornitsa