Spika za Pijo ya Karisa

Jumatatu, 7 Septemba 1992
Nimefungua kibanda saa mbili. Redio mbili na pasi moja, kazi za kawaida. Saa nne akaja Karisa, dereva wa teksi kule Airport, na gari yake Pijo na boksi aliloletewa na kakake baharia. Amplifaya nzito kama jiwe la kusagia. Spika za vipande: mbili kubwa za milangoni, mbili ndogo za sauti nyembamba, na visanduku viwili vya kugawa sauti ili kila spika ipate fungu lake. Nimezipangusa moja moja. Aliyeziunda ana akili, wallahi.

Anaitaka Jumamosi. Wenzake watano wa stendi wanangoja kusikia. Ikilia vizuri wataleta gari zao kwangu, isipolia watakwenda kwa yule fundi kijana wa Nyali. Nimesema haina shida.

Shida ipo. Sikio langu la kushoto limekufa. Kelele za winchi bandarini, miaka kumi na minne ya kazi. Hajui mtu, hata mke wangu Mwanaisha. Nikimwambia leo, kesho Changamwe nzima inajua, na nani atampa redio fundi wa sikio moja?

Jumanne, 8 Septemba
Waya nene ya betri nimeipitisha kushoto, fyuzi karibu na betri. Za sauti nimezipitisha kulia, zisikutane na umeme. Chini ya kiti nimekwangua rangi mpaka chuma kikang'aa, nikafunga hapo ethi, waya ya kurudisha umeme. Kazi safi, nimeitazama mara tatu.

Waya ya spika iliyobaki dukani ni nyeupe kotekote, nyuzi mbili pacha. Nimepiga fundo kwenye kila uzi wa chanya. Wengine hukosea hapa. Mimi sikosei.

Jumatano, 9 Septemba
Inalia, lakini haina kifua. Ngoma ziko mbali, besi hakuna. Nimeongeza sauti, nimebadili kaseti, nimefungua mlango wa kushoto nikaufunga tena. Vile vile. Siku nzima. Nimemgombeza paka.

Naogopa. Huenda gari ni nzima na mbovu ni mimi.

Alhamisi, 10 Septemba
Mwanaisha ameleta chakula kibandani. Huyu huimba vugo harusini tangu usichana, wenzake wakipotea yeye ndiye huwarudisha. Alisimama kwenye dirisha la gari kidogo, kaseti ikilia, sinia mkononi.

"Baba Zuhura, hebu nipishe hapo kwenye usukani."

Nilihamia kiti cha kushoto kwa hasira. Mwanamke hajui hata fyuzi. Akakaa, akafumba macho.

"Huyu bibi anaimba wapi?"

"Kwenye kaseti. Aimbe wapi?"

"La. Nasikia nusu yake mlango huu na nusu yake mlango ule. Hapa kati hapana mtu."

Mimi wa sikio moja hiyo kati siijui tena. Lakini maana yake naijua: chanya na hasi zimepishana upande mmoja. Spika moja inasukuma, ya pili inavuta, kama watu wawili kwenye mlango mmoja. Nikabandua ubao wa mlango wa kulia. Juzi fundo langu lilifumuka nilipovuta waya kwenye tundu, nami nikabahatisha. Nikazigeuza. Besi ikanigonga kifuani.

"Sasa amekuja," akasema. "Amekaa pale juu ya dashibodi, katikati."

Chakula kilikuwa kimepoa. Sijala kitamu kama kile.

Ijumaa, 11 Septemba
Baada ya swala tumemalizia. Mimi na bisibisi, yeye macho kafumba, akiniongoza. Punguza. Rudisha. Basi. Sijawahi kufanya kazi na fundi kama huyu. Waya zote za chanya amezitia rangi yake ya kucha, nyekundu, nisipate kusingizia fundo tena.

Jumamosi, 12 Septemba
Wamekuja wote sita. Karisa alikaa ndani mpaka upande wa kaseti ukaisha, akaigeuza, akaanza upya. Wenzake wamemtoa kwa nguvu ili nao wakae.

Mimi nilisimama nikitabasamu. Mwanaisha akavuka uwanja, akaja akasimama kulia kwangu, akasema polepole kama anayeniomba chumvi: "Mzee Juma anakuuliza kama Jumatatu una nafasi." Mzee Juma, mmoja wa madereva, alikuwa kushoto kwangu. Sijui aliuliza mara ngapi. Nikamjibu ninayo.

Wameondoka. Mimi nimeganda. Tangu lini anajua? Alhamisi alinihamisha kiti, sikio zima likawa upande wake. Njiani hutembea kulia kwangu. Kitandani alihamia kulia mwaka nilioacha bandari, akasema upande ule una upepo. Miaka mitatu. Na Changamwe nzima haijui.

Nimeona aibu. Kisha nimempenda mpaka nikakosa pa kukaa.

Jumapili, 13 Septemba
Mchana nimekaa kwenye mkeka makusudi, bega la kulia karibu na ukuta. Ametoka jikoni na sinia. Akatazama. Kushoto kulikuwa na nafasi ya watu wanne. Akazunguka, akaniambia nisogee kidogo, akajibana kati yangu na ukuta.

Nimesogea. Tumekula.