Mama amerudi kutoka Kwale

Jumamosi, Agosti 2006

Na mimi ndiye niliyemkataza asiende! Nilimwambia wazi kwamba mjane wa miezi mitano hana kazi ya kuzunguka Kwale na kina mama wa kanisa. Bado naona aibu.

Leo nimempokea mjini, pale kituo cha basi. Ameshuka na mkeka aliousuka mwenyewe, ukingo umepinda, na hadithi haziishi. Mpaka tunafika nyumbani Woodley alikuwa bado kwenye mikoko. Wanawake wa kijiji wamejenga daraja la mbao katikati ya miti, na chini yake kaa wanatembea matopeni. Baadaye wageni wakapigiwa ngoma.

"Na wewe ukacheza?"

"Nilivua viatu kabisa!" Akacheka. "Baba yako angeogopa lile daraja. Angenishika mkono kama mtoto."

Tangu tumzike alikuwa hajawahi kumtaja. Nikaenda kuweka chai.

Sijui kesho ataamka vipi. Siku mbaya bado zipo, najua. Lakini leo tumeongea juu ya Baba mpaka chai ikapoa vikombeni. Asante, Mungu wangu.